Tarehe Iliyoruka Saa Saba na Dakika Ishirini Mchana

Mimi sishangazwi na kitu. Nawaambia mapema ili msije mkanisimulia habari mkitarajia nitashika mdomo. Nimefungua saa za watu mjini Nyeri kwa zaidi ya miaka ishirini, na ndani ya hizo saa nimetoa sisimizi akiwa hai, unyoya wa kuku, pumba za mchele, na siku moja kipande cha ugali kilichokauka kikawa kigumu mpaka nikaanza kukifungua kwa bisibisi nikidhani ni skrubu. Mwenyewe aliponiuliza saa imesimama kwa nini, nikamwambia imeshiba.

Basi nyinyi vijana mnaokuja kwangu Giakanja na spea zenu kwenye karatasi za plastiki, mkiniita Guka, yaani babu, na mimi bado sijafika sitini, leo nimeamua kuwaandikia, kwa sababu nimechoka kurudia maneno yale yale kila Jumamosi. Mnataka kujenga saa inayofanana na zile za Uswisi ambazo bei yake ni shamba. Mmeona mtu kwenye simu akiijenga kwa dakika kumi na muziki juu. Huyo mtu hajawaonyesha pale alipotambaa chini ya meza akitafuta springi na kumlaani mjomba wake. Mimi nitawaonyesha.

Shule niliiacha darasa la sita na sijawahi kurudi kuiuliza kama kuna kitu nilisahau. Nyumba yangu ya mawe mnaiona. Kila jiwe pale limetoka kwenye kibano, hiki hiki cha kushikia skrubu. Wenzangu waliomaliza shule wanakuja kuniomba mbegu ya viazi, na ninawapa, kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu.

Kazi nilifundishwa Kerugoya na Mzee Njogu, mtu mfupi, mkali, mwenye kibanda kilichobanwa mlangoni mwa duka la vitambaa. Siku ya kwanza alinivalisha aproni, akanikalisha, halafu akachukua pini akaibana ile aproni kwenye ukingo wa meza. Nilidhani ananifunga nisitoroke. Kumbe ni ili kitu kikikuponyoka mkononi kisiende sakafuni, kiangukie hapo kwenye kitambaa kati yako na meza. Hakunieleza, na mimi sikuuliza, kwa maana hata wakati huo nilikuwa najua kila kitu. Akapita mama wa uji. Mimi na njaa yangu nikainuka kumwita. Nikainuka na meza nzima. Saa za watu zilimwagika hapo chini kama maharagwe.

Mzee Njogu hakupiga kelele. Alinitazama mpaka nikatamani apige.

"Sasa umejifunza kumwaga," akasema. "Jifunze kutafuta."

Nilitafuta siku ile na siku ya pili yake. Ndipo aliponipa siri ambayo nawapa bure: usisimame na tochi ukimulika kutoka juu. Ilaze tochi sakafuni, mwanga utambae chini, na hata skrubu ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki itatoa kivuli kama nguzo ya stima. Tangu siku hiyo sijapoteza skrubu, isipokuwa zile nilizopoteza.

Kitu kingine alichonifundisha ni kunyamaza. Saa ikiwa wazi, Mzee Njogu hakutaka neno. Alisema ukiongea unarusha mate, mate yanaingia kwenye mashine, na baada ya miezi sita mteja anarudi na kutu na hasira. Kama mtu alikuja kumsalimu alinyanyua nyusi tu. Mimi hilo la kunyamaza lilinishinda kabisa. Alijaribu hata kunifunga kitambaa mdomoni, nikaongea kupitia kitambaa. Siku aliponiachilia nikafungue kibanda changu Nyeri, alinishika mkono akaniambia, "Mkono wako nimeumaliza. Mdomo wako nimewaachia wengine."

Kumbukeni hayo maneno, tutayarudia.

Halafu simu zikaja. Watu wakaanza kuangalia saa kwenye simu, na mimi nikabaki nikibadilisha betri na kukata mikanda. Mtu mwingine angelia. Mimi nilianza kuagiza spea kutoka Uchina, kidogo kidogo, nikijenga saa zangu mwenyewe kwa starehe baada ya kazi. Macho yalipoanza kuchoka nikafunga kibanda, lakini starehe ikaendelea, maana kwa saa yako mwenyewe hakuna mteja anayekuharakisha.

Sasa sikilizeni vizuri. Mashine ya ndani inakuja ikiwa imekamilika. Mtu akikwambia aliichonga mwenyewe kutoka kwa chuma, mwaga chai yake umwambie aende nyumbani. Kazi yako ni kuchagua mashine, kuweka uso wa saa juu yake, kupandisha mishale, kuingiza yote kwenye kasha, kufunga kioo na mkanda. Unasikia ni kama kuvalisha mtoto. Ni kama kuvalisha mtoto anayerusha mateke.

Adui wa kwanza ni vumbi. Unafunga saa, unaiinua kwenye mwanga uione ilivyo nzuri, na katikati ya uso kuna unywele mmoja, na si wako, kwa sababu wewe una upara. Dawa yake ni mvuke. Chemsha sufuria ya maji ndani ya chumba kilichofungwa, subiri mvuke uangushe vumbi chini, kisha ndipo uanze. Nilikuwa nafanya hivyo jikoni mpaka siku Mama Wachira, ndiye mke wangu, alipoingia akakuta maji yanachemka peke yake na mimi nimeinama mezani. Akahurumia maji. Akatia unga. Niliposhtuka jikoni kulikuwa na unga hewani kama ukungu wa Aberdare, na saa yangu ikiwa wazi. Tulikula ugali bila kuzungumza. Kesho yake nikajijengea chumba changu nyuma ya nyumba.

Rangi za kubadilisha alama kwenye uso, nunua rangi za kucha za akina mama, lakini nunua zako, usichukue za mtu. Na usiguse uso wa saa kwa kidole. Mafuta ya kidole huonekana siku ya tatu, ukiwa umeshajisifu.

Halafu kuna sheria yangu moja ambayo anayeivunja asiseme anatoka kwangu. Usimdanganye mtu kwamba saa yako ni ya Uswisi. Chini ya uso wa kila saa ninayojenga, mahali pasipoonekana, nachora kwa sindano herufi zangu mbili, N.W., na jina la Giakanja. Ukiniuliza kama hii niliyovaa ni orijino nitakwambia hapana, ni bora kuliko orijino, kwa sababu ile nyingine fundi wake humjui, na wa hii umesimama naye hapa.

Nirudi kwenye saa yangu ya kwanza, maana ndiyo iliyonipeleka nilikopelekwa. Niliijenga na uso wa kijani, kijani cha majani ya chai yakiwa na umande. Nilikuwa na haraka ya kuiona. Sasa, saa yenye dirisha la tarehe ina jambo lake. Kabla ya kupandisha mishale, unazungusha kile kichwa cha pembeni polepole mpaka uone tarehe inaruka. Ikiruka tu, unasimama, unapandisha mishale yote ikiangalia juu, kwenye kumi na mbili. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni saa sita, na tarehe itakuwa inaruka saa sita usiku kama inavyotakiwa. Mimi sikungoja. Nilipandisha mishale nikasema itajipanga. Haikujipanga. Tarehe ikawa inaruka saa saba na dakika ishirini, kila siku, bila kukosa, kama mtu anayechelewa kazini kwa uaminifu. Na kwenye alama ya sita, ile ya chini kabisa usoni, niliacha tone la rangi limevimba kidogo, kama chunusi.

Fundi mwingine angeifungua tena. Mimi nikasema kasoro hizo ni za mtu mwenye macho kama yangu, na hakuna mwingine. Nikamuuzia mfanyabiashara mmoja wa Karatina kwa elfu nne na mia tano. Nikamwambia wazi kwamba ni ya kujenga, ni yangu mimi. Akacheka, akalipa, akaenda. Nikaisahau.

Miaka ikapita. Kijana wangu Wachira akapata msichana, Wangithi, mtoto wa watu wa Wang'uru, mwalimu wa shule ya msingi, mpole lakini si wa kuchezewa. Nilimpenda tangu alipokuja kwangu mara ya kwanza, akashika saa yangu, akaigeuza, akauliza inajizungusha namna gani bila betri. Wachira hakuwa amewahi kuniuliza hivyo tangu azaliwe. Nikasema huyu asipoolewa hapa nitamchukua kama fundi.

Siku ya kupeleka ruracio, yaani mahari, ikafika. Kwa watu wetu siku hiyo baba wa kijana hana mdomo. Anakaa, anakula, anatikisa kichwa, na msemaji wake ndiye anayeongea. Msemaji wangu alikuwa Kariuki, mchinjaji mstaafu wa hapa Giakanja, mtu wa rika langu, anayejua kupunguza mbuzi wa mahari kuliko alivyojua kuchinja. Siku hizi mbuzi wenyewe hawatembei, wanakuja kwa simu, kila mmoja na bei yake. Tulikuwa tumepanga jumla ya laki moja na nusu, na Kariuki aliapa hatutapita hapo.

Asubuhi nikavaa suti, na mkononi nikavaa saa yangu bora kuliko zote. Uso wa kijani, maana rangi hiyo sijaiacha, lakini safari hii kila kitu mahali pake.

Mama Wachira akaniangalia mkono. "Toa hiyo saa, Baba Wachira."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema tunaenda kuomba tupunguziwe, na mimi nimejifunga shamba mkononi. Nikamwambia wakiniuliza nitawaeleza kwamba nimeijenga mwenyewe, na heshima itakuwa kubwa zaidi. Akasema leo huna mdomo, utaeleza na nini? Nilivuta mkono wa koti ukashuka, nikatoka nje.

Tulipokelewa vizuri. Boma lao liko ukingoni mwa mashamba ya mpunga, na harufu ya mchele wa pishori ilianza kutusalimu kabla ya watu. Baba yake Wangithi alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa desturi ile ile naye alikuwa ameazima mdomo wa ndugu yake mkubwa, Mzee Murage, mwenye kinu cha kukoboa mchele. Hilo jina si lake, nimembadilishia, na kinu nimekihamisha upande wa pili wa barabara. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, mwenye sauti ya kushindana na kinu chake.

Kariuki akasimama kututambulisha. Alipofika kwangu alitaka kunipa heshima, akasema, "Mwenzetu huyu amefanya kazi na saa za Uswisi maisha yake yote." Hakusema uongo. Saa za Uswisi nimezifungua, nimezisafisha, nimetoa sisimizi. Lakini niliona Mzee Murage akinyoosha shingo.

Chakula kikaletwa. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe, na koti likapanda. Mzee Murage akaona. Akaacha nyama yake, akabeba kiti, akaja kukaa kando yangu, akakunja mkono wake wa shati na kuuweka mezani sambamba na wangu. Naye alikuwa na saa ya uso wa kijani.

"Ningekuwa na shaka na yako, mkwe," akasema, "lakini iko sawa kabisa na yangu. Na yangu nilinunua laki tano kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa anahama nchi."

Nikatabasamu kama mtu aliyepewa heshima. Halafu jicho langu, ambalo lina tabia ya kwenda kazini bila kuitwa, likateremka kwenye alama ya sita. Pale palikuwa na chunusi.

Nikajiambia Uchina ni kubwa, chunusi ziko nyingi. Nikaangalia mishale. Ilikuwa inakaribia saa saba na dakika ishirini. Nikashika kikombe, nikaangalia. Mshale ukafika, na pale pale, mchana, jua likiwa juu ya mpunga, tarehe ikaruka ikawa ya kesho.

Nilikuwa nimesema sishangazwi na kitu. Chai iliniingia puani.

Mzee Murage alinipiga mgongoni kwa huruma, akaona macho yangu yalipo. "Ah, hiyo tarehe. Kila mtu huuliza. Aliyeniuzia alinieleza: inafuata saa za Uswisi. Sasa hivi kule ni usiku."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja wao, mkongwe kuliko wote pale, akauliza kwa upole kama kweli wale watu wamelala saa hii. Mzee Murage akamwambia wamelala fofofo. Mzee akasikitika, akaendelea kula.

Baada ya sahani kuondolewa, Mzee Murage akasimama kama msemaji wao. Alisema walikuwa na hesabu yao ya zamani, lakini Mungu amewaonyesha leo kwamba binti yao anaenda kwa watu wenye uwezo, watu wanaojua thamani ya kitu. Akataja mbuzi, ngoima, yaani kondoo dume walionona, mablanketi ya akina mama, tangi la maji, asali. Kariuki aliyahesabu kimoyomoyo na uso wake ukabadilika. Jumla yake ilikuwa laki tatu na elfu arobaini. Akaomba tutoke nje tushauriane, kama desturi inavyoruhusu.

Nje, karibu na mfereji wa maji ya mpunga, nikawaeleza yote. Chunusi, mishale, Karatina, N.W. Kariuki alikaa chini kwenye majani na suti yake.

"Ukisema yako ni ya kujenga," akasema, "ataangalia yake."

"Na yake ni sawa kabisa na yangu," nikasema. "Ametangaza mwenyewe mbele ya ukoo."

"Kwa hiyo atajua alitoa laki tano kwa kitu cha elfu nne."

"Na mia tano," nikasema.

Mama Wachira aliniangalia mkono tu, na mimi nikavuta koti. Nikawaambia kwamba hata hivyo ukweli ni ukweli, na ile ni kazi ya mkono wangu, imetembea kutoka Giakanja mpaka ikauzwa laki tano, ukoo mzima unaisifia na hakuna anayejua ni mimi. Niliwaambia sijawahi kubeba kitu kizito hivyo kifuani. Nilikuwa naelekea mlangoni kwenda kuitangaza, na nisingerudi nyuma.

Wachira akanishika mkono. Si kijana wa kuongea, hilo alilichukua kwa mamake.

"Baba," akasema, "huyo mzee ndiye alimlipia Wangithi karo mpaka akawa mwalimu. Ukimwaibisha hapa kwao, hatanipa huyu msichana, na Wangithi hatakuja bila baraka yake. Nakuomba siku moja tu usiongee."

Nilimwangalia. Nikamkumbuka Mzee Njogu na kitambaa chake. Nikamwambia Wachira sawa.

Tukarudi. Kariuki alipigana. Alisema saa si shamba, alisema kahawa mwaka huu haikulipa, alisema mbuzi wa Nyeri ni wanene kuliko wa Wang'uru kwa hiyo wachache wanatosha. Wazee walicheka, wakafurahia, hawakushusha hata mbuzi mmoja. Mwishowe Mzee Murage akainua mkono wake wenye saa.

"Wacha tufupishe," akasema. "Mkwe mwenyewe ni mtu wa saa. Leo nampa mdomo, mimi kwa idhini ya wazee. Aangalie hizi mbili, aniambie hapa kwamba ni vitu vya bei rahisi, na mimi nitarudi kwa hesabu ya zamani sasa hivi."

Alivua saa akaniwekea mkononi. Vijana, niwaambie ukweli, sijawahi kupewa mdomo nikautaka kidogo hivyo. Neno moja tu, na hesabu inashuka. Neno lile lile, na Wangithi anabaki pale mlangoni alipokuwa amesimama na sinia, akiniangalia, na nilijua kwa macho yake kwamba Wachira ameshamwambia.

Nikatoa lenzi yangu mfukoni, kwa sababu mimi sitoki nyumbani bila lenzi hata siku ya mahari. Nikaiangalia ile saa kwa muda mrefu. Rangi haikuwa imefifia. Mkanda ulikuwa umekaa. Baada ya miaka yote ile, kwenye vumbi la kinu, ilikuwa inatembea.

"Mzee Murage," nikasema, "nimeshika saa nyingi. Aliyeijenga hii, kazi yake naijua. Nimetafuta fundi mwenye mkono kama wake nchi hii yote, sijampata. Kuiita rahisi ni kumtukana, na mimi siwezi."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Murage alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Kariuki alifunga macho. Wangithi aligeukia jikoni upesi na sinia lake, mabega yakimtetemeka, na hakuwa analia.

Tulilipa laki tatu na elfu arobaini. Ng'ombe wangu mmoja ameenda huko, yule mwenye baka, na pesa za kupaka nyumba rangi. Harusi ilikuwa nzuri na Wangithi yuko kwetu, ananishinda kupandisha mishale, lakini hilo msimwambie.

Mngedhani imeishia hapo. Baada ya miezi kadhaa Mzee Murage akaja Giakanja na gunia la pishori na ile saa mkononi, imesimama. Akaniambia hawezi kumwamini mtu mwingine nayo. Nikaingia nayo chumbani kwangu, nikachemsha maji, nikabana aproni mezani, nikafungua. Nikanyanyua uso wa saa. N.W., Giakanja. Nilikaa nikiangalia hizo herufi kama mtu aliyekutana na picha yake ya ujana.

Mashine ilikuwa imekwisha, imejaa pumba. Nikanunua mashine bora kuliko ile ya kwanza, elfu nane na mia nne, na mpira wa kuzuia maji, mia tatu na hamsini. Chunusi nikaiondoa. Na tarehe, ndugu zangu, nikazungusha polepole, nikangoja iruke, nikapandisha mishale pale pale. Saa sita usiku kamili. Hatimaye nilikuwa nimelipa deni langu kwa hiyo saa. Sikumtoza hata senti, mkwe humtozi.

Wiki iliyofuata akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya kinu, ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Mkwe, umeifanya nini? Imeacha kufuata Uswisi."

Nikamwambia sasa inafuata Kenya, ndiyo vizuri. Akasema wafanyakazi wake wote hukusanyika kwenye kinu kila siku wakati wa chakula kuangalia tarehe ikiruka, na sasa wanakaa wanangoja na hakuna kitu, na kuna mmoja ameanza kusema pengine saa ni feki. Aliniomba, kwa heshima zote, niirudishe ilivyokuwa.

Nikairudisha. Mimi, fundi ambaye Nyeri haijapata mwingine, nilikaa mezani nikapandisha mishale vibaya kwa makusudi, nikapima mara tatu iwe saa saba na dakika ishirini bila kukosa, nikaipanga iruke mchana badala ya usiku. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuiweka sawa, na wakati wote huo sikusema neno. Mzee Njogu angeniona angenyanyua nyusi zote mbili.

Kwa hiyo mkija Jumamosi msiniambie mna haraka. Ngojeni tarehe iruke ndipo mpandishe mishale. Mimi sikungoja, na ile saa, ukijumlisha mahari iliyozidi, mashine na mpira, kisha ukatoa ile elfu nne na mia tano ya mtu wa Karatina, imenigharimu shilingi laki moja, elfu tisini na nne, mia mbili na hamsini.